Bahasha 196 za harusi kutoka Tanga: stempu zitakula kiasi gani?

SWALI: Harusi ya mdogo wangu wa kike ni baada ya miezi mitatu, hapa hapa Tanga. Tuna bahasha 196 za mwaliko: 70 za Tanga mjini, 18 za Muheza, Korogwe na Lushoto, 52 za Dar es Salaam, 14 za Arusha na Moshi, 11 za Unguja, 5 za Pemba, 12 za Mombasa, 9 za Muscat na 5 za Uingereza. Tumependa kadi ngumu ya ukubwa wa A5 isiyokunjwa, pamoja na bahasha nzito. Bado hatujachapa. Mweka hazina wa kamati anataka fungu la posta kwenye bajeti, na kila ninayemuuliza ananitajia jumla yake. Nihesabuje? (Msomaji, Makorora)

JIBU:

Umeuliza kwa wakati wake, dada. Kadi zikishatoka kwa mchapaji, uzito wake hauna tena wa kuupunguza, na stempu hufuata uzito. Sasa hivi bado mna nafasi ya kuchagua.

Posta hailipishi gramu moja moja. Inalipisha kwa ngazi, na ngazi ya kwanza ya barua inaishia gramu 20. Barua ya gramu 6 na ya gramu 19 zinalipa sawasawa. Ya gramu 21 imeshaingia ngazi ya pili na inalipa kama ile nzito kuliko yote kwenye ngazi hiyo. Kwa hiyo cha kwanza kujua ni hiki: kadi yenu ikiwa ndani ya bahasha, imefungwa na imebandikwa stempu, itaangukia ngazi gani? Hilo unaweza kulijua leo, kwa karatasi na kalamu.

Mchapaji akikwambia "karatasi ya gramu 300" anataja uzito wa mita moja ya mraba ya karatasi hiyo, wala si uzito wa kadi. Kadi ya A5 ni milimita 148 kwa 210, yaani mita za mraba 0.031. Zidisha kwa 300, unapata gramu 9.3. Bahasha inayoipokea kadi hiyo bila kuikunja ni C5, milimita 162 kwa 229. Ina uso wa mbele na wa nyuma, halafu kifuniko na mapindo ya gundi huongeza kama asilimia 15, hivyo karatasi yote inafika mita za mraba 0.085. Ikiwa bahasha nzito mliyoipenda ni ya gramu 120, peke yake ina gramu 10.2. Jumlisha na kadi: gramu 19.5.

Mtu akiona 19.5 anafurahi kwamba amepona. Kwa Tanga mimi nisingefurahi. Karatasi hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya pwani, hasa wakati wa masika, ina unyevu wa kutosha kuongeza asilimia 2 au 3 ya uzito wa kadi iliyokaa wiki mbili kwenye boksi sebuleni. Asilimia 3 ya 19.5 ni karibu gramu 0.6. Hapo kadi imefika 20.1, na hujabandika stempu wala kupaka gundi. Kadi ileile iliyopimwa dukani kwenye kiyoyozi ikakubali, kaunta ya posta itaikataa, na bahasha 126 zitakazosafiri (196 ukitoa zile 70 za mjini, ambazo ni za kupeleka kwa mkono) zote zitapanda ngazi kwa pamoja. Acha pengo la gramu 1 na nusu au 2 chini ya 20, usikubali pungufu ya hapo.

Pengo hilo mtalipata kwa kupunguza bahasha, kadi iacheni. Mgeni huiweka kadi kabatini miaka na miaka, bahasha huitupa siku hiyohiyo. Chukueni bahasha ya karatasi ya gramu 100: itakuwa na gramu 8.5, jumla 17.8. Njia nyingine ni kushusha kadi hadi gramu 250 na kubaki na bahasha nzito, jumla itakuwa gramu 18, ila kadi ya 250 hulegea mkononi na tofauti inaonekana. Bahasha ya gramu 80, ile ya kawaida ya ofisini, ni nyepesi kuliko zote lakini siipendekezi kwa kadi ngumu: pembe za kadi huitoboa njiani, na maandishi ya rangi nzito huonekana kwa nje.

Kama kuna mtu kwenye kamati anayesukuma kadi ya kukunja, mpeni hesabu hizi. A5 inayokunjwa kuwa A6 inaingia kwenye bahasha ndogo ya C6, milimita 114 kwa 162; bahasha hiyo ya gramu 100 ina uzito wa gramu 4 na kidogo, jumla na kadi ni 13.5 hivi. Hiyo ni nzuri, inaacha nafasi hata ya karatasi ya ramani. Lakini A4 inayokunjwa kuwa A5 ina gramu 18.7 kabla ya bahasha. Hiyo itakaa ngazi ya pili hata mfanyeje.

Vinavyoharibu hesabu baada ya hapo ni vitu vidogo ambavyo hakuna anayevihesabu. Kadi ya majibu ya A6, ya karatasi ya gramu 250, ina gramu 3.9, ukiitia kwenye bahasha yenye 17.8 unafika 21.7, na ngazi imekwenda. Weka namba mbili za simu chini ya mwaliko, watu watathibitisha kwa ujumbe, tena mapema kuliko kwa barua. Utepe wenye fundo unaweza kula gramu 1 au 2, na fundo lenyewe huvimbisha bahasha. Lakiri, ile nta ya muhuri, inapendeza sana, naielewa tamaa yake, ila kwenye gunia la barua hupasuka, na pale ilipovimba bahasha huchanika. Mkiitaka, itieni kwenye zile 70 za mkono tu.

Sasa tengenezeni sampuli moja ya kweli. Mwambie mchapaji akukatie kadi tupu ya karatasi ileile, iingize kwenye bahasha ileile, funga, kisha pima. Mizani ya kidijitali ya jikoni inasoma gramu nzima tu, kwa hiyo ikisema 18 inaweza kuwa 17.6 au 18.4. Ukipata sampuli kumi, pima zote kwa pamoja ugawe kwa kumi. Ukiwa na moja tu, nenda kwa sonara Ngamiani. Mizani yake inasoma sehemu za gramu, na kazi hiyo haimchukui dakika. Huna mizani kabisa? Karatasi moja ya A4 ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5 kamili, kwa sababu karatasi 16 za A4 hufanya mita moja ya mraba, na 80 ukigawa kwa 16 unapata 5. Lalisha rula ya sentimita 30 juu ya penseli ya pembe sita, isogeze mpaka itulie. Kunja karatasi nne za A4 ziwe ndogo, ziweke upande mmoja, na mwaliko wako upande wa pili, katikati ya vyote viwili pakiwa umbali sawa kutoka kwenye penseli. Upande wa mwaliko ukishuka, umepita 20. Ukibaki juu, toa karatasi ya nne uikate nusu, rudisha nusu moja: sasa unalinganisha na 17.5.

Umbo nalo lina kanuni. Kwa vipimo vya Umoja wa Posta Duniani, barua ndogo haizidi milimita 245 kwa 165, unene milimita 5, na uzito gramu 100. C5 inaingia, ingawa upande mfupi umebakiwa na milimita 3 tu. Bahasha ya mraba ya sentimita 18 kwa 18, ambayo wachapaji wa kadi za harusi huipenda, haiingii: upande wake mmoja ni milimita 180. Hiyo huhesabiwa barua kubwa, na popote ambapo bei hufuata umbo utalipa zaidi kwa kadi yenye uzito uleule. Ua la kitambaa au shanga zikipitisha unene milimita 5, matokeo ni hayohayo.

Ukishakuwa na sampuli, nenda nayo Posta mjini ukaulize bei, na uulize kwa mpangilio. Ukiuliza "kutuma kadi ni shilingi ngapi" karani atakujibu kwa barua anayoifikiria yeye, na ndiyo sababu kila uliyemuuliza ana jumla yake: mmoja anakumbuka bei ya ndani, mwingine ya Ulaya, wa tatu bei ya miaka iliyopita. Uliza bei ya ngazi ya kwanza kwa makundi manne: ndani ya nchi, Kenya, Oman, Uingereza. Unguja na Pemba ni ndani ya nchi, msikubali kuzipanga na za nje. Halafu uliza bei za ngazi za gramu 250 na kilo 1 kwa ndani, za gramu 250 kwa Kenya na Oman, na ada ya rejista, yaani ya kusajili barua, kwa kila kundi. Mwisho uliza kama machapisho yasiyo na barua ndani yana bei yake. Andika kila bei pamoja na tarehe, na siku ya kununua stempu uthibitishe tena.

Kwa nini ngazi za juu? Kwa sababu ya mabunda, na hapo ndipo fungu lenu litapungua sana. Badala ya kutuma bahasha 52 Dar, kila moja na stempu yake, mnatuma mzigo mmoja kwa shangazi au rafiki mwaminifu, naye anagawa. Kujua kama bunda linalipa, chukua bei ya bunda, ongeza rejista, ongeza na nauli utakayompa mgawaji, kisha gawa kwa bei ya stempu moja ya ngazi ya kwanza. Jibu likiwa 11, maana yake kuanzia kadi ya 12 mnaokoa. Chini ya hapo tuma moja moja.

Kwa namba zenu, kwa kadi ya gramu 17.8, hali inakuwa hivi. Kadi 52 za Dar zina gramu 926. Karatasi ya kaki na selotepu ni kama 60, jumla 986. Inaonekana iko ndani ya kilo, lakini unyevu wa asilimia 3 kwenye kadi zile ni gramu 28, nayo inakupeleka 1,014, ngazi inayofuata. Pakieni 48: zinafika 914, na hata zikinyonya unyevu hazivuki 945. Zile nne zilizobaki ziende zenyewe kwa wale wenye masanduku wanayoyafungua kila mara. Kadi 11 za Unguja kwenye bahasha moja ya kaki ya ukubwa wa A4, ambayo nayo ina gramu 20 hivi, ni 216: ngazi ya 250. Mombasa 12 ni 234, na unyevu ukiziongezea zitakuwa 240, bado ndani ya 250, lakini msiongeze hata kadi moja, kwa kuwa ya 13 itawapitisha. Muscat 9 ni 180. Pemba 5 ni 109. Kama jedwali la kaunta lina ngazi ya gramu 100, mmeipita kwa gramu 9 na kulipia uzito msioutumia, kwa hiyo hizo tano zitumeni moja moja. Arusha, Moshi na wilaya zetu vilevile, kwa sababu zimetawanyika.

Kwa hiyo karatasi ya mweka hazina itakuwa na stempu 41 za ndani za ngazi ya kwanza (18 za wilayani, 14 za Arusha na Moshi, 5 za Pemba na 4 za Dar), stempu 5 za Uingereza, na mabunda manne ya rejista: Dar, Unguja, Mombasa na Muscat. Zidisha kila kimoja kwa bei uliyoandika kaunta, jumlisha, ongeza asilimia 10. Hiyo asilimia 10 ina kazi: kuna wageni watakaokumbukwa wiki ya mwisho, na kuna bahasha zitakazoharibika kwa wino.

Barua haizidi kilo 2. Bunda la kadi zenu 110 limeshapita hapo na litahesabiwa kifurushi, kwa bei na fomu nyingine. Kwa Dar mnaweza pia kutumia basi la asubuhi, wengi hufanya hivyo na mzigo hufika siku hiyohiyo. Daini risiti yenye namba, andikeni simu ya mpokeaji pande mbili za mzigo, na mtu awe stendi basi linapoingia. Kadi zilizolala ofisi ya mizigo siku tatu zina hatari ya kulowa, kukanyagwa, au kuchanganywa na mizigo mingine.

Mabunda ya Mombasa na Muscat yana sharti lake. Pakieni kadi na bahasha tupu, zisizofungwa, zisizo na majina ya wageni, na orodha ya majina muitume kwa simu. Mwenye mwandiko mzuri kule ndiye aandike. Hivyo mnatuma machapisho ya mtu mmoja kwa mtu mmoja. Bahasha zilizofungwa zenye majina ya watu wengine ndani ya bunda ni barua binafsi zilizofichwa chini ya stempu moja, na zinaweza kuzuiwa. Wala msitie kitu kingine. Chupa ya attari yenye spiriti ni kitu cha kushika moto, hakiruhusiwi kwenye barua. Udi, ubani na halua hugeuza karatasi kuwa bidhaa; bidhaa inataka fomu ya forodha CN22 na taarifa zake kutangulizwa kwa kompyuta, na bunda lenu litasubiri mezani kwa forodha wakati nikaha inakaribia.

Sasa anwani, maana stempu sahihi kwenye anwani mbovu ni hela iliyopotea. Kwetu barua huenda kwenye sanduku, na wengi hawana sanduku lao. Wanatumia la shule, la ofisi, la msikiti au la jirani. Andika jina kamili la mgeni, mstari wa pili mwenye sanduku, mfano "kwa Mwalimu Mkuu, Shule ya Msingi fulani", kisha S.L.P. na mji. Usidhani sanduku la miaka kumi iliyopita bado linafunguliwa. Ambalo kodi yake haijalipwa hufungwa, na barua hubaki ndani ya posta. Piga simu moja kwa kila jina, ni rahisi kuliko kadi ya pili. Kwa Kenya andika namba ya sanduku, kistari, kisha msimbo wa posta wenye tarakimu 5 na mji: 80100 ni ya Posta Kuu ya Mombasa, na ofisi nyingine za mji zina zake, kwa hiyo muulize mpokeaji. Oman ni S.L.P. na msimbo wa tarakimu 3. Uingereza ni namba ya nyumba, mtaa, mji, kisha msimbo wa herufi na tarakimu kwenye mstari wake. Jina la nchi mwisho kabisa, kwa herufi kubwa.

Nyuma ya kila bahasha andika anwani yenu. Barua ya nje ikilipiwa pungufu hugongwa herufi T, na mpokeaji anaweza kudaiwa kilichopungua. Mgeni kulipia mwaliko aliopelekewa ni jambo la aibu kwa wenye harusi, na ndiyo sababu nasisitiza pengo la gramu 2.

Bahasha ya rangi iliyokolea yenye maandishi ya dhahabu inasomeka vizuri mkononi na vibaya sana kwenye mashine za Ulaya. Kwa zile tano za Uingereza bandikeni kilebo cheupe chenye wino mweusi. Bahasha zenye mng'aro zina shida ya pili: gundi ya stempu haishiki, stempu hudondoka na barua huonekana haijalipiwa. Paka gundi ya karatasi kidogo, bandika pembe ya juu kulia, bonyeza kwa kitambaa kikavu, acha usiku mmoja kabla ya kupeleka. Kumbuka pia kwamba hewa yetu hufunga bahasha zenye gundi bila kuombwa na kugandisha stempu zenyewe kwa zenyewe. Wekeni stempu katikati ya karatasi ya nailoni, na bahasha tupu kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, pamoja na kikombe cha mchele mkavu uliofungwa kwenye kitambaa.

Zile 70 za mjini msizitie stempu kabisa. Ngamiani, Chumbageni, Duga na Makorora ni za kufikisha kwa mkono, na mzee wa Tanga anataka kuambiwa kwa mdomo kwanza, kadi imfuate. Nauli ya bodaboda muiandike fungu lake, isichanganyike na la posta, la sivyo mweka hazina hatajua hela zimekwenda wapi.

Kwa miezi mitatu mliyo nayo, mpeni mchapaji wiki tatu. Za Uingereza na bunda la Muscat ziondoke wiki 8 kabla ya harusi, Mombasa na Dar wiki 6, za moja moja za ndani wiki 5, kwa sababu mwenye sanduku huenda akalifungua mara moja kwa wiki au mbili. Siku ya kupeleka, usizitumbukize kwenye kisanduku cha nje. Zipeleke kaunta asubuhi, mwombe karani apime tatu mbele yako, moja kutoka juu ya rundo, moja katikati na moja chini, kisha agonge mihuri kwa mkono. Moja ikionekana imevuka 20, pimeni zote kabla hamjaondoka hapo.